Chanjo ya mafua haipimwi kwa kilo za mtoto

Dawa ya maji ya kushusha homa hupimwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 10 hupewa kiasi fulani, wa kilo 20 hupewa mara mbili yake. Mzazi aliyezoea hesabu hiyo akimwona mchanjaji akivuta mililita 0.5 za chanjo ya mafua kwa mtoto wa miaka mitatu, kisha mililita 0.5 hizo hizo kwa baba yake mwenye kilo 90, ana kila haki ya kushtuka. Kwa nini kiasi ni kile kile? Ni swali tunaloulizwa mara kwa mara, na jibu lake ndilo linalofungua mengine yote.

Dawa ya homa lazima isambae na damu hadi ifikie kiwango fulani mwilini, hivyo mwili mkubwa unahitaji dawa nyingi. Chanjo haifanyi kazi hivyo. Vipande vya virusi vilivyouawa vinaachwa kwenye msuli, chembe za kinga zinavidaka pale pale na kuvipeleka kwenye tezi za jirani, na huko mwili unajifunza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na kirusi. Kwa hiyo mchanjaji haulizi mtu ana kilo ngapi. Anauliza kinga yake imewahi kukutana na kirusi hiki, na bado ina nguvu ya kujifunza?

Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikiachana kwa angalau wiki nne. Dozi ya kwanza ni kama utambulisho tu. Ya pili ndiyo inayoinua kingamwili hadi mahali pa kumlinda. Wazazi wengi huishia kwenye ya kwanza kwa sababu mtoto hakuumwa na kila kitu kilionekana kimekwisha. Wiki nne zikipita bila kurudi, rudini hata kama mmechelewa: hakuna kuanza upya, dozi inayofuata inahesabiwa kuwa ya pili. Na mtoto aliyeanza akiwa na miaka 8, akatimiza 9 kabla ya kurudi, bado anadaiwa dozi yake ya pili. Akishapata mbili hizo, miaka inayofuata ni dozi moja kila msimu. Hapo kadi ya chanjo ina kazi kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, hata ya mama.

Kuna mahali pamoja ambapo ujazo hubadilika kweli, napo panawachanganya hata wachanjaji wazoefu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, baadhi ya chanjo hutolewa mililita 0.25, nyingine 0.5 kamili. Nusu dozi ilitokana na chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa kirusi kizima, ambazo ziliwapandisha watoto homa. Chanjo za leo za virusi vilivyovunjwavunjwa ni tulivu zaidi, na nyingi zimeruhusiwa kwa dozi kamili tangu miezi 6. Suluhisho ni kusoma kijikaratasi cha chanjo uliyoishika mkononi, usitegemee ile ya mwaka jana. Ikitokea mtoto aliyestahili 0.5 amepewa 0.25, na kosa likagunduliwa kabla hajaondoka, anaongezwa kiasi kilichobaki. Likigunduliwa siku nyingine, arudiwe dozi kamili.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi mafua kabisa. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, kwa kuwa kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma. Mjamzito anaweza kuchanjwa katika mwezi wowote wa ujauzito, dozi moja, kwa chanjo ya sindano yenye virusi vilivyouawa.

Kuanzia miaka 9 hadi 64 hakuna mengi ya kusema: dozi moja kwa msimu.

Kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea mambo hugeuka tena. Hao wamekutana na mafua mara nyingi, lakini kinga yao imechoka na huitikia kivivu. Kwa hiyo zipo chanjo zilizoundwa kwa ajili yao: moja ina mikrogramu 60 za antijeni (vile vipande vya kirusi ambavyo kinga hujifunza kuvitambua) kwa kila aina ya kirusi badala ya 15 za kawaida, nyingine imechanganywa na kichochezi cha kinga. Zisipopatikana, chanjo ya kawaida inatolewa, tena dozi moja. Kumchoma mzee sindano mbili za kawaida ili kufidia si utaratibu unaopendekezwa.

Mahali pa kuchoma nako kunafuata umri. Mtoto wa chini ya mwaka huchomwa kwenye paja, upande wa mbele kwa nje, maana msuli wa mkono wake bado ni mwembamba. Mtoto mkubwa na mtu mzima huchomwa kwenye msuli wa bega, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ukipanda juu zaidi unaweza kuchoma kiungo chenyewe, na maumivu yake hukaa miezi. Makalio tuyaache: mafuta ni mengi na mshipa mkubwa wa fahamu unapita karibu.

Ipo pia chanjo ya kupuliza puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa: mililita 0.1 kila tundu la pua. Huanzia miaka 2. Ukomo wa juu ni miaka 49 Marekani, na Ulaya ni kabla ya kutimiza 18. Mtoto akipiga chafya mara tu baada ya kupulizwa, usirudie. Wajawazito, watu wenye kinga dhaifu na watoto wanaotumia aspirini hawapewi hii.

Chanjo hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika na kinga hufifia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini. Ukiona chanjo iliyokuwa na aina nne sasa ina tatu, hujapunjwa: ukoo wa B/Yamagata, mojawapo ya aina hizo nne za kirusi cha mafua, haujathibitishwa kusambaa tangu Machi 2020, hivyo umeondolewa.

Baada ya sindano mwili unahitaji wiki mbili hivi kujenga kinga. Anayeugua mafua siku ya tano hakuambukizwa na chanjo ya sindano, kwani haina kirusi hai. Alikutana nayo kabla kinga haijakamilika. Uchungu mkononi na homa ndogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kuhatarisha maisha baada ya chanjo hii aseme kabla mkono haujafutwa spiriti.