Je, wajua kwa nini mchirizi wa kimondo huendelea kung'aa baada ya kimondo chenyewe kuzimika?

Kimondo hupotea kabla hujamwambia mwenzako "tazama kule!" Lakini kikiwa king'avu na chenye kasi sana, pengine huacha mchirizi hafifu unaobaki angani sekunde kadhaa, na mara chache hata dakika nyingi.

Watu hudhani ni moshi au joto lililosalia. Joto halidumu hivyo. Katika kimo cha kilomita 90 hivi hewa ni nyembamba mno, na kilichochemka hupoa upesi. Siri iko kwenye madini. Chembe ya vumbi inapoungua hutawanya atomi za chuma na sodiamu. Atomi hizo hunyang'anya ozoni oksijeni yake, kisha atomi huru za oksijeni zilizopo huko juu huzipokonya tena, na katika purukushani hiyo mwanga wa manjano hutoka. Chuma na sodiamu hubaki huru, na mzunguko huanza upya. Atomi hizo huru za oksijeni zilitokana na jua, ambalo mchana huvunja molekuli za oksijeni. Kwa hiyo unachokiona usiku wa manane ni nguvu ya jua la mchana ikitoka polepole. Kwangu mimi hakuna jambo zuri kuliko hili katika habari nzima ya vimondo.

Darubini kubwa haikusaidii kukinasa kimondo chenyewe, maana huona kipande kidogo tu cha anga. Mchirizi ni habari nyingine, kwani unangoja. Ning'iniza shingoni darubini ya macho mawili, ya 7x50 (inayokuza mara 7, yenye lenzi za mbele za milimita 50) inatosha kabisa, na utazame anga kwa macho matupu. Kimondo kikubwa kikipita, shika nyota iliyo karibu na njia yake, kisha inua darubini hapo hapo. Mara nyingi utaona mistari miwili sambamba, kama ukingo wa bomba. Halafu huanza kupinda. Upepo wa mita 50 kwa sekunde huusogeza kilomita 3 kwa dakika. Ukiwa umbali wa kilomita 100, hiyo ni zaidi ya upana wa mwezi mpevu mara tatu. Na kwa kuwa pepo za tabaka mbalimbali hazivumi upande mmoja, mstari ulionyooka hugeuka kuwa mafundo na vitanzi. Novemba 1998, watafiti wa New Mexico, Marekani, waliumulika kwa leza mchirizi mmoja wa Leonidi (mvua ya vimondo ya kila mwaka) uliojikunja hivyo, wakauita Pete ya Almasi.

Leonidi, za katikati ya Novemba, huingia kwa kilomita 71 kwa sekunde, ndiyo maana zinasifika kwa michirizi. Kwa sisi wa karibu na ikweta, usisahau Eta Akwaridi, mvua nyingine ya vimondo itokanayo na vumbi la nyotamkia Halley: kilomita 66 kwa sekunde, mwanzoni mwa Mei, saa kumi alfajiri, ukitazama mashariki.