Chakula cha Waingereza kina saa yake

Mama mdogo alipokuja kutoka Tanga kwa mahafali ya mwanawe, tulitoka ukumbini saa tisa alasiri tukiwa watu saba, na hakuna aliyekuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikawapeleka pabu moja ya mawe kando ya mto, yenye dari la chini na vikapu vya maua mlangoni. Kijana wa kaunta akatuambia kwa adabu kwamba jiko lilifungwa saa nane na nusu na litafunguliwa tena saa kumi na mbili jioni. Alichoweza kutupa ni pakiti za kripsi na karanga. Mama mdogo akanigeukia.

"Mwanangu, sasa mwenye njaa hapa anakwenda wapi?"

Nimepika kwenye majiko ya pabu za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, miaka tisa, na sasa ni mwaka wa nne niko upande wa chai ya alasiri hotelini. Wengi wetu tunaofika Uingereza, kwa wiki mbili au kwa miaka mitatu ya masomo, hurudi nyumbani tukisema Waingereza hawajui kupika. Nikimuuliza mtu alikula nini na saa ngapi, mara nyingi majibu yanajieleza yenyewe. Nyama ya Jumapili aliila saa kumi na moja, ilipokuwa imeshalala chini ya taa ya joto. Skonzi aliinunua kituo cha treni, imefungwa kwenye plastiki, ina siku mbili. Pilau ya jana ukiipasha vizuri wapo watakaoisifu kuliko ya leo. Chakula cha Waingereza hakina subira hiyo. Kina saa yake, na ukiipata utaelewa kwa nini wenyewe wanakipenda hivyo.

Kwanza tuijue pabu. Ni nyumba ya kunywea, ndiyo, lakini usiifananishe na baa zetu. Bibi na babu wanaleta wajukuu, mbwa amelala chini ya meza, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unakunywa maji au juisi. Kisheria mtoto wa chini ya miaka 16 anaingia akiwa na mtu mzima. Kinachowasumbua wageni ni huduma: ukikaa ukingoja mhudumu aje, utakaa mpaka uchoke. Chagua meza, kariri namba yake, nenda kaunta uagize na kulipa palepale. Chakula kitakufuata.

Kufunga jiko alasiri kuna historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ilibana saa za pabu ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe, na mlango ukawa unafungwa kila alasiri. Sheria hiyo ilidumu hadi 1988 kwa siku za kawaida, na hadi 1995 kwa Jumapili. Leo mlango uko wazi kutwa, ila majiko mengi bado yanapumzika: mchana saa sita hadi saa nane au nane na nusu, jioni saa kumi na mbili hadi saa tatu. Zipo pabu za makampuni makubwa zinazotoa chakula kutwa nzima. Utashiba, lakini sehemu kubwa ya chakula hicho kimetoka kwenye friza. Mimi natazama urefu wa menyu. Jiko dogo lenye menyu ya vyakula arobaini haliwezi kuwa linapika vyote. Nikiona ubao wa chaki wenye vyakula vinane, viwili vimefutwa kwa sababu vimekwisha, ninakaa. Mtindo huo wa pabu kupika kwa dhati unahesabiwa kuanzia 1991, pabu ya The Eagle, mtaa wa Farringdon Road, London, ilipochukuliwa na watu wawili walioweka jiko mbele, nyuma ya kaunta ileile ya bia.

Jumapili saa saba

Ukiwa na nafasi ya mlo mmoja tu wa pabu, ule Jumapili. Tahadhari ya neno: kwetu ukisema rosti mtu anafikiria nyama yenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Huku rosti ni pande zima la nyama lililookwa kwenye oveni, likakatwa vipande vyembamba, na mchuzi unamiminwa juu ukiwa mezani.

Jumapili nilikuwa naingia jikoni saa mbili asubuhi. Mbavu za ng'ombe zinatangulia, maana baada ya kuiva zinahitaji kupumzika kabla ya kukatwa, la sivyo maji yote yanamwagika ubaoni. Viazi vinachemshwa nusu kuiva, vinachujwa, kisha unavitikisa ndani ya chujio mpaka kingo zichubuke na kuwa kama zina unga. Michubuko hiyo ndiyo inayogeuka ganda kavu linalovunjika mdomoni, pale viazi vinapotumbukizwa kwenye mafuta ambayo tayari yamechemka.

Halafu pudini ya Yorkshire, ambayo wageni wengi hudhani ni kitindamlo. Ni mayai, unga wa ngano na maziwa kwa ujazo sawa, chumvi, basi. Hamira haimo wala baking powder. Rojo linaachwa litulie. Katika kila kishimo cha trei unatia kijiko cha mafuta ya ng'ombe, unaingiza trei kwenye oveni ya nyuzi 220 mpaka mafuta yaanze kutoa moshi. Hapo unamimina rojo haraka. Likigusa mafuta linalia shaaa, na kingo zinaanza kupanda hapohapo. Funga mlango, usiufungue dakika ishirini. Mpishi mkuu wangu wa kwanza alikuwa akisimama mbele ya oveni amekunja mikono, asitokee wa kuchungulia. Ukifungua mapema hewa baridi inaingia, mvuke ulioinua rojo unakata nguvu, na zote zinakaa chini. Zikifaulu zinatoka kama vikombe vya dhahabu, kando kavu, katikati shimo laini la kushikia mchuzi. Mwaka 2008 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitangaza kwamba isiyofika kimo cha inchi nne haistahili jina, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Jina hilo linaonekana katika kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha 1747. Zamani katika nyumba za Yorkshire pudini ililetwa kwanza, na mchuzi tu, ili watu washibe kidogo kabla ya nyama, kwa kuwa nyama ilikuwa ghali. Mtu aliyekulia nyumba ambako ugali unatangulia kujaza tumbo ili kitoweo kitoshe wote hahitaji kuelezwa.

Weka nafasi kufikia Alhamisi, na uombe meza ya saa sita na nusu au saa saba. Kufikia saa tisa nyama iliyobaki ni ile ya pembeni iliyokauka, na pudini ni zile zilizotangulia kuokwa, zimepashwa.

Vingine nitavipitia haraka. Samaki na chipsi: dai aletwe moja kwa moja kutoka kwenye mafuta, nyunyiza siki na chumvi, usimfunike, maana mvuke unalainisha ganda. Pai ya mchungaji ni ya nyama ya kondoo iliyofunikwa viazi vya kuponda. Ya ng'ombe ina jina lake, cottage pie. Sahani ya mkulima, yaani jibini, mkate na achari, inatangazwa kama ya kale, ingawa jina lake lilienezwa na wauza jibini miaka ya 1950, mgawo wa chakula wa baada ya vita ulipokwisha. Na usiondoke bila kuonja sticky toffee pudding. Ni keki ya moto iliyotengenezwa kwa tende, inaogeshwa sosi ya siagi na sukari nyeusi. Mtu wa pwani akionja tende ile ndani ya keki anatabasamu kabla hajameza.

Liulize jiko, usiiulize menyu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimeona ndugu zetu wakila wasichokusudia.

Sheria inalazimisha kila mgahawa nchini kumwambia mteja kuhusu vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio: karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta, haradali na vinginevyo. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo. Pombe nayo haimo. Kwa hiyo menyu inaweza kuwa imejaa alama na bado isikwambie kwamba rojo la samaki limekorogwa kwa bia, jambo la kawaida sana kwenye pabu. Pai ya ale imepikwa kwa bia, jina linasema, maana ale ni aina ya bia. Mchuzi wa nyama huweza kutiwa divai. Soseji zikitajwa bila jina la mnyama ni za nguruwe. Ganda la pai huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na Yorkshire samaki na chipsi hukaangwa mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kihalali. Hata vikeki laini vya kwenye chai ya alasiri hushikizwa kwa jelatini, na nyingi inatokana na nguruwe.

Alama ya chakula cha wasiokula nyama inakuondolea nguruwe na jelatini, lakini haikuondolei bia. Uliza kwa maneno mafupi: kuna nguruwe? kuna pombe? mnakaanga kwa mafuta gani? Tukiulizwa hivyo jikoni hatuoni usumbufu. Hotelini mtujulishe siku mbili kabla, tutaandaa sahani nyingine. Na hoteli kadhaa za London zina chai ya alasiri ya halali.

Chai ya saa kumi, ya kwao

Sisi wa pwani tuna faida hapa, kwa sababu chai ya saa kumi tunaijua tangu utotoni, na mahamri au vitumbua vyake. Ya Waingereza inasimuliwa kuanza karibu 1840 na Anna, mke wa Duke wa Bedford, kabaila mkubwa wa Uingereza. Taa zilipokuwa bora, matajiri walisogeza chakula cha jioni hadi saa mbili usiku, na kati ya mchana na usiku pakabaki pengo refu. Anna akawa anaagiza chai na mkate wenye siagi chumbani kwake, kisha akaanza kualika rafiki zake.

Usichanganye na high tea, hata kama jina linasikika la kifahari. Hicho kilikuwa chakula cha jioni cha wafanyakazi wakirudi kazini, chenye nyama na mkate, wamekaa kwenye meza ya kawaida ya kulia. Wageni wengi huliomba jina hilo hotelini wakidhani wanaomba kikubwa zaidi.

Chai ya alasiri inakuja kwenye stendi ya ghorofa tatu, na unapanda kutoka chini: sandwichi, skonzi, kisha keki. Ndani ya sandwichi kuna tango, yai, samaki wa moshi, na kuku wa sosi ya binzari aliyebuniwa kwa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953. Ule wakati wake, maana mkate umekatwa maganda na unakauka upesi. Sandwichi zikiisha uliza kama zinaongezwa. Mara nyingi huongezwa bila malipo.

Skonzi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie. Skonzi zetu za nyumbani ni mkate wa hamira. Hii ya huku inainuliwa na baking powder, siagi inafikichwa kwenye unga kwa ncha za vidole, maziwa yanaingia mwishoni, na unga haukandwi. Ukikanda umeiua. Sukari yake ni kidogo na mafuta ni kidogo, ndiyo maana inazeeka ndani ya saa chache. Mimi ninaoka mara mbili kila alasiri, saa sita na nusu na saa nane na nusu, na ile ya kundi la pili mgeni wa saa tisa anaipata bado ina joto. Nzuri ina mstari wa ufa kiunoni. Ishike kwa mikono miwili uizungushe, itafunguka yenyewe. Kisha jemu na krimu nzito, ile inayopashwa polepole mpaka inafanya utando wa manjano. Ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, imelindwa kwa jina tangu 1998 na lazima iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 55. Watu wa Devon, majirani zao, wanatanguliza krimu, wa Cornwall jemu. Mimi ni wa jemu kwanza, kwa kuwa krimu ikiwa chini inateleza kwenye skonzi yenye moto.

Hotelini London utalipa pauni 70 na kuendelea. Ukiwa huna, agiza cream tea kwenye mgahawa wa kijijini: skonzi mbili, jemu, krimu na buli la chai, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na skonzi huenda ikawa bora.

Chai yenyewe haichemshwi na maziwa. Majani yanakaa kwenye maji yaliyochemka dakika tatu hadi tano, unachuja, unatia maziwa baridi kidogo. Ukiagiza ile ya asubuhi, English breakfast, kuna uwezekano mkubwa unakunywa majani ya Kenya, yaliyosagwa punje ndogo yatoe rangi nyekundu haraka na yahimili maziwa. Majani hayo hupita kwenye mnada wa Mombasa, ulioanza Nairobi 1956 na kuhamia pwani 1969. Mnada wa London wenyewe ulifungwa 1998.

Siku mbili baada ya mahafali nilimleta mama mdogo kwetu hotelini, saa tisa kamili, akiwa hajala mchana kama nilivyomwomba. Maziwa baridi kwenye chai hakuyakubali. Akanywa chai ya rangi, vikombe vitatu. Skonzi aliizungusha mkononi kama nilivyomwonyesha, ikafunguka, mvuke ukatoka, akakaa kimya mpaka akaimaliza, kisha akavuta na ya mwanawe. Ghorofa ya juu hakuigusa. Mhudumu akaleta kisanduku, keki zikafungwa, na hadi saa nne usiku alikuwa bado anasema chakula cha jioni tule sisi.