Mafuta ya kupikia kwenye tangi la dizeli hayaitwi biodizeli

Biodizeli ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemia: yamechanganywa na alkoholi, kwa kawaida methanoli, pamoja na kichocheo kama kostiki soda, mpaka yakaachana na glisirini yake. Maana ndiyo hiyo. Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni yale yanayoitwa biodizeli siku hizi. Mtu anakusanya mafuta yaliyokaangiwa chipsi, anayachuja kwa kitambaa, anayamimina kwenye tangi la Land Cruiser ya zamani. Gari linawaka, linatembea, moshi unanukia kama jiko la mama ntilie, basi anawatangazia watu kwamba anatumia biodizeli. Hapana. Anatumia mafuta ya kupikia yaliyochujwa.

Kuchuja kunaondoa makapi ya viazi, na ukiwa na subira kunaondoa hata chembe ndogo sana, lakini mafuta yenyewe yanabaki yalivyokuwa. Kila molekuli ya mafuta ya mimea ni minyororo mitatu mirefu ya asidi iliyoshikwa pamoja na glisirini moja. Ukubwa huo ndio unaoyapa uzito yanapomiminika, kile ambacho wanasayansi wanakiita mnato. Katika nyuzi 40 za Selsiasi, mnato wa dizeli ya kawaida huwa kati ya milimita mraba 2 na 4.5 kwa sekunde. Mafuta mengi ya mimea katika joto hilohilo yanafika 30 hadi 40, takriban mara kumi. Biodizeli je? Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinaitaka iwe kati ya 3.5 na 5. Inakaribiana na dizeli kwa sababu ile minyororo mitatu imeachanishwa, na kila mmoja umeshikana na methanoli na kuwa molekuli ndogo.

Anayetengeneza sabuni nyumbani anaijua nusu ya jambo hili tayari. Kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji ikikutana na mafuta, unapata sabuni na glisirini. Ondoa maji, weka methanoli, pasha moto hadi karibu nyuzi 60 huku ukikoroga, na minyororo hiyohiyo inashikana na methanoli badala ya kuwa sabuni. Ukiacha mchanganyiko utulie, glisirini inazama chini, nzito na ya kahawia, na biodizeli inakaa juu ikisubiri kuoshwa na kukaushwa. Mafuta yakiwa na maji, au yakiwa yamekaangiwa mno, unarudi kwenye sabuni bila kutaka. Na methanoli si ya kuchezea jikoni: ndiyo sumu ileile inayopofusha na kuua watu waliokunywa gongo iliyochanganywa nayo.

Kwa nini basi gari la zamani linakubali mafuta mabichi ya mimea? Kwa sababu ya injini yake, wala si kwa sababu mafuta yamegeuka. Injini kama 1HZ na 2L za Toyota, au OM617 ya Mercedes, hazirushi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Zinayarusha kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye joto kali, moto unaanzia humo, kisha unatoka kwenda kwenye silinda. Chumba hicho kinavumilia matone makubwa. OM617 ina faida ya ziada: pampu yake ya nozeli inalainishwa na oili ya injini, ilhali pampu za aina ya kuzunguka zinategemea mafuta yaleyale zinayoyasukuma, na yakiwa mazito na baridi zinaumia. Injini za kisasa zenye reli moja ya mgandamizo mkubwa (common rail) hazina uvumilivu huo hata kidogo.

Uvumilivu nao una kikomo. Matone makubwa hayaungui yote. Yanaacha kaboni kwenye ncha za nozeli, ringi za pistoni zinaganda, na mafuta yasiyoungua yanateremka hadi kwenye oili ya injini. Huko, kwa joto na hewa, molekuli zake zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na oili inakuwa nzito kama uji. Alizeti ya Singida ina tabia hii kuliko mawese, ingawa haigandi kwa baridi. Mawese hayana haraka ya kuungana hivyo, lakini asubuhi ya Njombe au Limuru utayakuta yameganda kwenye tangi. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hufunga tangi la pili: gari linawashwa kwa dizeli, maji ya moto ya injini yanapasha mafuta ya mimea hadi nyuzi 70 au zaidi, ndipo linabadilishwa, na kabla ya kuzima, linarudishwa kwenye dizeli ili pampu na nozeli zisilale na mafuta mazito.

Biodizeli haihitaji tangi la pili wala bomba la kupasha. Ina matatizo yake mengine kabisa: inayeyusha uchafu wa miaka mingi kwenye tangi na kuziba filta, na inalainisha mipira ya zamani ya kupitisha mafuta mpaka inavuja. Hata Wajerumani, waliotumia vyote viwili, waliviandikia viwango tofauti. Mafuta ghafi ya rapa, mmea wa mbegu za mafuta, yana kiwango chake, DIN 51605.

Kuna hadithi inayochochea mkanganyiko huu, kwamba Rudolf Diesel aliunda injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Injini iliyofaulu majaribio Augsburg mwaka 1897 haikuundwa kwa karanga. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiwaza karanga za makoloni yake ya Afrika. Injini ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya kutoka ardhini, ikapewa ya karanga bila kubadilishwa chochote. Huo ni ushahidi wa ustahimilivu wa injini, na mafuta yaliyotumika yalikuwa ya karanga tu.

Chimbuko la biodizeli liko kwingine, na linatugusa zaidi. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza (haki ya uvumbuzi) ya Ubelgiji ya kubadilisha mafuta ya mimea kwa alkoholi ili yatumike kwenye injini. Malighafi iliyofikiriwa ilikuwa mawese ya Kongo, na mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyobadilishwa hivyo. Watafiti hao wa Ubelgiji walijua kwamba mawese ghafi yanaweza kuwasha injini. Tatizo walilotaka kulitatua ni uzito wake, na walilitatua kwa kemia. Kuyaita mafuta yaliyochujwa biodizeli ni kuiruka hatua hiyo yote, iliyofanywa kwa mawese ya bara letu.

Simkatazi mtu kutumia mafuta ya kupikia kwenye gari lake la zamani, ingawa kwa bei za dukani sioni faida kama hayakupatikana bure. Ninaomba aseme hivyo: natumia mafuta ya mimea. Hasa anapompelekea gari fundi wa pampu. Fundi akiambiwa biodizeli ataanza na filta na mipira ya mafuta. Akiambiwa mafuta ya chipsi atavuta kijiti cha oili kwanza, aitazame uzito wake, kisha afungue nozeli.