Gego la nyuma si jino la utoto

"Daktari, ling'oe tu, si litaota jingine?" Halitaota, mama. Nimelisema hili kwa upole mpaka upole umeniisha, sasa naliandika.

Meno ya utoto ni 20, ya kudumu 32. Yale 12 yanayozidi hayachukui nafasi ya jino lolote. Ni magego, matatu kila upande, juu na chini. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hakuna kilicholegea, hakuna pengo, na macho ya mzazi yako kwa yale ya mbele. Basi gego la maisha linaingia kimyakimya, linahesabiwa la utoto, na mswaki haulifikii.

Hapa Mombasa sina haja ya kuuliza mtoto kala nini. Nikimulika, mitaro ya gego imejaa wekundu wa mabuyu. Nikigusa chini ya wekundu huo, panabonyea. Na mtoto ana miaka 8 tu!

Kinachonikera zaidi ni wale wanaojua kuwa ni la kudumu, lakini wanadhani likishaota limekamilika. Wapi! Kichwa chake kilianza kujengwa karibu na kuzaliwa, kikaisha mtoto akiwa na miaka kama 3. Mizizi ndiyo bado: hukamilika kwenye miaka 9 au 10. Likioza mpaka kiini, ile nyama hai ya ndani, kikafa kabla ya hapo, mizizi husimama ilipofikia, mifupi, kuta nyembamba, ncha wazi. Kulitibu ni kazi, na hata likitibiwa huvunjika upesi. Ndiyo maana nang'ang'ania mitaro izibwe mapema, jino likiwa zima.

Kuna magego yanayoota na madoa ya krimu au kahawia, laini tangu siku ya kwanza, mtoto analia kwa maji baridi tu. Vitabu hutaja homa, dawa, hili na lile. Chanzo hasa hakijathibitika, kwa hiyo simlaumu mama yeyote. Hata kinacholisukuma jino litoke bado tunabishana: miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walitoa jino changa tayani mwa mbwa, wakaacha kifuko kinacholizunguka, wakatia humo la chuma. Likachomoza!

Nyumbani, anza kuhesabu katikati ya mdomo, ukirudi nyuma. Ukifika la 6, hilo ni la kudumu. Kabla hujaomba ling'olewe, uliza kama linazibika.