Maswali na majibu: kwa nini uvimbe wa ubongo hurudi?

Mama alipasuliwa, tukaambiwa uvimbe umetoka. Miezi michache baadaye umeonekana tena kwenye MRI. Daktari alikosea?

Si lazima. Uvimbe mkali kama glioblastoma hutuma seli zake ndani ya sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa, mahali ambapo kisu hakifiki na picha haionyeshi. Halafu seli za uvimbe hazina nguvu sawa: baadhi tu ndizo huotesha uvimbe upya.

Hilo lilijulikanaje?

Ni kazi ya Sheila Singh, alipokuwa mwanafunzi katika maabara ya Peter Dirks, daktari wa upasuaji wa ubongo kwa watoto, Toronto, Kanada. Walichukua vipande vya uvimbe wa wagonjwa, wakazichambua seli kama anayepeta mchele: huku zenye protini iitwayo CD133, kule zisizo nayo. Kisha wakawadunga panya wasio na kinga ya mwili, ndani ya ubongo. Seli 100 tu zenye CD133 ziliotesha uvimbe unaofanana na wa mgonjwa. Zisizo nayo, hata zilipodungwa laki moja, hazikuotesha kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2004.

CD133 ina maana gani?

Hupatikana pia kwenye seli shina za neva, yaani zile seli mama zinazozaa nyuroni (seli za ubongo zinazopeleka ujumbe) na seli saidizi mtoto akiwa tumboni. Ndiyo maana ikadhaniwa kwamba uvimbe una seli mama zake. Baadaye wengine waliona hata seli zisizo na CD133 zikiotesha uvimbe, kwa hiyo alama hiyo peke yake haitoshi.

Basi kuna dawa ya kuua hizo seli mama?

Bado. Zinafanana mno na seli shina zenye afya za mgonjwa. Tiba ya kawaida ya glioblastoma ni upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomide.

Nimeona tangazo la sindano za seli shina zinazotibu ubongo. Nijaribu?

Shika pesa yako kwanza. Mwaka 2009 madaktari wa Israel waliripoti habari za mvulana mwenye ugonjwa wa kurithi aliyepelekwa Moscow kudungwa seli shina za neva zilizotoka kwenye vijusi. Miaka minne baada ya sindano ya kwanza alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ulipopimwa jeni, seli zake hazikuwa za mvulana yule. Zilitoka kwenye sindano.