Liposomu haijui uvimbe uko wapi

Liposomu ni kifuko kidogo cha mafuta, chenye ukuta wa lipidi unaofanana na ule wa seli, na ndani yake hufungwa dawa. Zile za Doxil, yaani dawa ya saratani iitwayo doksorubisini iliyofungwa hivyo, zina upana wa nanomita 80 hadi 100. Maana yake ndiyo hiyo. Kinachohitaji kunyooshwa ni sentensi inayopenda kufuata: kwamba dawa hii ni "dawa lengwa", inakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe na kuziacha seli zenye afya. Haiendi hivyo.

Watafiti Barenholz na Gabizon, walioitengeneza Doxil huko Jerusalem, walianza kwa kushindwa. Liposomu zao za kwanza zilibeba dawa ndani ya ukuta wenyewe. Dawa ikavuja mapema kwenye damu, na vifuko vikadakwa na ini na wengu kabla ya kufika popote. Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, kifuko kilivikwa nyuzi za polietileni glikoli ili seli za ulinzi zisikidake haraka. Pili, liposomu zilijazwa chumvi ya amonia salfeti ndani, kisha ile ya nje ikaondolewa. Doksorubisini isiyo na chaji hupenya ukuta, ikifika ndani inapata chaji, inashikana na salfeti na kuganda kuwa fuwele, na kutoka haiwezi tena. Zaidi ya asilimia 90 ya dawa huingia kwa njia hiyo. Chini ya darubini ya elektroni, fuwele huonekana kama mstari katikati ya kifuko, na kifuko chenyewe kimevutika kama punje ya kahawa.

Tazama vizuri: katika yote hayo hakuna sehemu inayoutambua uvimbe. Ukuta hautambui, nyuzi hazitambui, fuwele ndiyo kabisa. Liposomu huzunguka na damu kwa siku kadhaa, na pale mishipa inapovuja, baadhi yake hutoka. Watafiti Matsumura na Maeda wa Kumamoto, Japani, walieleza jambo hilo mwaka 1986: mishipa ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya, ina mianya, na mifereji ya limfu haiondoi kilichomwagika. Hapo ndipo wengi walipoona shabaha. Lakini uvimbe wa panya wa majaribio hukua kwa wiki chache na huwa mkubwa sana ukilinganisha na mwili wake. Uvimbe wa binadamu hutofautiana mno, hata ndani ya mgonjwa mmoja. Na hata kwa wanyama, uchambuzi wa tafiti za miaka kumi uliotolewa mwaka 2016 ulikuta kwamba, kwa thamani ya katikati ya matokeo yote, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano (chembe ndogo mno, liposomu zikiwemo) zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe.

Dawa lengwa ni kitu kingine. Trastuzumabu ni kingamwili inayoshika HER2, protini iliyo juu ya seli za baadhi ya uvimbe; mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna HER2 nyingi hapewi, na ndiyo maana kipimo cha maabara hutangulia. Kuna kingamwili zilizofungiwa sumu ya saratani, na hizo nazo huzunguka na damu tu mpaka zikutane na kile zinachokishika. Kulenga kunahusu kushika. Njia ya kufika haibadiliki.

Basi Doxil ilileta faida gani? Moyo. Doksorubisini ya kawaida huharibu misuli ya moyo, na hatari hupanda sana jumla ya dozi za maishani ikifika miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mishipa ya moyo haina mianya ya kupitisha liposomu, hivyo moyo hupona sehemu kubwa ya balaa. Mzigo huhamia kwenye ngozi: viganja na nyayo huwa vyekundu, huuma, pengine huchubuka.

Neno likikosewa, dozi nazo hukosewa. Kwa saratani ya ovari Doxil hutolewa miligramu 50 kwa mita ya mraba kila wiki 4. Doksorubisini ya kawaida ikitumika peke yake ni 60 hadi 75 kila wiki 3. Hazibadilishani hata kidogo. Doxil huchanganywa na dekstrosi ya asilimia 5 tu, haipitishwi kwenye chujio la dripu, haisukumwi kwa sindano, na huanza kwa miligramu 1 kwa dakika kwa sababu wengine hubanwa kifua au kuwa wekundu usoni ikianza. Haifai kugandishwa: ikikaa imeganda kwa muda mrefu, vifuko huweza kuharibika.

Marekani iliiruhusu kwanza mwaka 1995, kwa sarkoma ya Kaposi ya wenye VVU, ugonjwa ambao wodi za Kampala na Dar es Salaam zinaufahamu vizuri. Mgonjwa wa huko akiuliza kama dawa hii inaufuata uvimbe, mjibu kwa upole kwamba haiufuati: imefungwa ili ikae muda mrefu kwenye damu na iuhurumie moyo, na akiona viganja vinawaka aseme kabla ya dripu inayofuata.