Sumaku haitoi baridi: tunayokosea kuhusu friji za satelaiti

Ninafundisha ufundi wa friji hapa Kisumu, na jioni natengeneza friza za wauza samaki. Tangu XRISM, satelaiti ya kuchunguza eksirei za angani ambayo friji yake inatumia sumaku, irushwe kutoka Tanegashima, Japani, Septemba 2023, wanafunzi hawaniachi: "Mwalimu, kumbe sumaku inatoa baridi?" Sasa hata mama mmoja wa Dunga ananiambia niing'oe kompresa nimfungie sumaku, maana bili ya stima imemshinda. Basi tulimalize.

"Sumaku inatoa baridi."

Haitoi. Ukiiwasha, kitu kilicho ndani yake kinapata joto. Someni tena hapo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea.

Ndani ya friji hii kuna chumvi. Kigunduzi cha eksirei cha XRISM kinapozwa kwa alamu ya kromu, fuwele za zambarau zinazofungiwa kwenye kopo lisilovuja hata kidogo, kwa kuwa fuwele hizo zina maji ndani yake na ombwe lingeyanyonya. Kila atomu ya kromu ni kisumaku kidogo kinachoelekea kinakotaka. Koili, ndiyo sumaku yenyewe, ikipewa umeme na uga (nguvu ya sumaku, inayopimwa kwa tesla) ukafika tesla kadhaa, visumaku vyote vinalazimika kuelekea upande mmoja. Vurugu yao inapungua, na joto linatoka. Joto hilo linapitishwa kwenye swichi ya joto hadi kwenye heliamu iliyo kimiminika, karibu kelvini 1.2 (kelvini 0 ndiyo baridi ya mwisho kabisa, nyuzi -273 za Selsiasi). Kisha swichi inaikata njia hiyo ya joto, chumvi inabaki peke yake, na uga unapunguzwa polepole. Visumaku vinarudia vurugu, lakini vurugu inahitaji joto na nje hakuna pa kulipata, kwa hiyo chumvi inajinyonya yenyewe mpaka inashuka hadi kelvini 0.05. Ni kama sifongo: unaikamua kwanza, ndipo ukiiachia inyonye.

Wala sumaku haizimwi yote mara moja. Kazi ya kushikilia kelvini 0.05 inafanywa kwa kuendelea kupunguza uga kidogo kidogo, zaidi ya siku nzima, huku joto linalovuja likimezwa. Uga ukiisha, mzunguko unaanza upya.

Wanafunzi wangu wanajua ninachowauliza kabla hawajataja gesi wala kompresa: joto linaenda wapi? Asiyeweza kujibu asiguse spana. Satelaiti ya Suzaku, mwaka 2005, ilifikisha kigunduzi chake kelvini 0.06 ikiwa angani, sawa kabisa. Halafu heliamu yake yote ikachemka na kupotea ndani ya mwezi mmoja hivi, kabla kigunduzi hicho hakijaanza kazi. Friji ya sumaku ilikuwa nzima, ila haikuwa tena na pa kutupa joto. XRISM imepewa pia mashine za kupoza zinazotumia umeme, na heliamu ikiisha bado inaweza kuendelea.

Na friza ya samaki? Kwa joto la Kisumu atomu za chumvi hiyo zinatetemeka kwa nguvu nyingi mno, na kile kidogo ambacho visumaku vinaweza kumeza hakionekani. Kuna friji za majaribio zinazotumia gadolini, metali ambayo usumaku wake unabadilika karibu na nyuzi 20 za Selsiasi, lakini hiyo ni mashine nyingine, na nayo ina pampu. Mama, safisha kondensa na ubadilishe mpira wa mlango. Bili itashuka.

"Angani tayari kuna baridi."

Mionzi iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu ina kelvini 2.7. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya 0.05. Tena satelaiti inapigwa na jua, na hakuna upepo wa kuipoza.

"Baridi ni ya kuzuia kifaa kisiungue."

Hapana. Kigunduzi kinapima joto la fotoni, yaani chembe za eksirei, moja moja. Eksirei ikigonga, joto la pikseli linapanda kwa sehemu chache tu za elfu za kelvini moja, na urefu wa mpando huo ndio unaotaja nishati yake. Kwenye joto la kawaida mpando huo ungezama kwenye kelele.

"Ni teknolojia mpya."

Wanasayansi Debye na Giauque walilifikiria wazo hili, kila mmoja kivyake, katika miaka ya 1920. Mwaka 1933 Giauque na MacDougall walifika kelvini 0.25 kule Berkeley.

"XRISM iliharibika friji, ndiyo maana haioni vizuri."

Kilichokataa kufunguka ni mlango ulio mbele ya kigunduzi. Mlango huo una dirisha jembamba la berili, linalozuia eksirei zenye nishati ndogo na kupitisha zenye nishati kubwa. Friji inafanya kazi yake.